Kulaza Mianzi

Zenon aliileta kwa treni kutoka Wrocław,
mianzi mitatu ndani ya ndoo ya rangi,
ameipakata safari nzima kama mtu na mgonjwa wake.
Aliileta hapa Suwałki, ambapo hata mtufaha
huomba ruhusa kabla ya kuchanua.
Nikamwambia: wewe umezeeka vibaya.
Akasema: shika tochi.

Miaka thelathini na minane alikuwa mtu wa reli,
akivuta wenzo, na treni nzima ikapinda ikashika njia.
Basi hakuona ajabu
kupinda kitu kirefu bila kukivunja.

Kila Novemba, tukitoka makaburini,
mikono ingali inanuka nta ya mishumaa,
twazunguka nyuma ya nyumba kulaza mianzi.
Yeye hushika shina chini, kwa goti na kiganja,
huliinamisha polepole huku akilisemesha
kama ng'ombe anayekamuliwa mara ya kwanza.
Mimi huweka matofali.
Kisha magunia ya majani makavu, kisha turubai,
kisha kungoja theluji
kama watu wengine wangojavyo mshahara.

"Theluji si adui," hunieleza,
kana kwamba mwaka jana sikuwapo.
"Theluji ni blanketi. Adui ni upepo.
Ardhi ikigeuka jiwe, mzizi haunywi,
na jani huku juu linaendelea kutoka jasho.
Mwanzi haufi kwa baridi, Genowefa.
Unakufa kwa kiu."

Mwaka huu aliyelazwa ni yeye.
Nyonga, ngazi za kanisa, barafu nyembamba.
Wakampeleka Białystok.
Akapiga simu. Hakumuulizia paka,
hakuuliza kama makaa yamefika.
"Umeilaza?"
Nimeilaza.

Sikuwa nimeilaza.

Usiku ule kipimajoto cha dirishani
kilishuka hadi kumi na tisa chini ya sifuri.
Nikavaa koti lake, nikatoka.
Kitu hukunjwa kingali kibichi; mimi nilichelewa.
Wa kwanza ukakatika. Mlio ule
nilikwisha kuusikia, kwenye ngazi za kanisa.
Wa pili ukainama nusu, ukanigomea.
Wa tatu sikuugusa.

Nikachukua koleo.
Nikachota theluji ya kijia chetu, ya paa la banda,
ya mbele ya lango la Kondrat, tena bila kubisha hodi,
nikairundika juu ya mizizi hadi ikanifika kiunoni.
Kulipokucha mtaa mzima ulikuwa na habari:
mke wa Zenon anaiba theluji.

Januari ikafika thelathini chini.
Majani yaliyobaki nje
yakawa rangi ya karatasi ya kufungia nyama.
Nami kila Jumapili nikipanda basi,
supu ya viazisukari vyekundu ndani ya chupa ya moto,
uongo mfukoni.
"Turubai limekaza?" Limekaza.
"Matofali?" Yote.
"Panya?" Hapo nikasema kweli: sijamwona hata mmoja.

Alirudi Aprili kwa magongo mawili,
akapita mlango wa nyumba bila kuutazama,
akaenda kusimama mbele ya mashina matatu makavu.
Upepo uliyapitia yakatoa sauti ya magazeti.
Sikusema neno. Naye hakusema.
Akatoa kisu, akakata kimoja kimoja, akavipanga kwa urefu.
"Maharage yatapata pa kupanda," akasema,
akaniomba chai.

Wiki ya tatu ya Mei, Kondrat alikuja uani,
kofia mkononi, uso umekunjamana.
"Zenon, kuna kitu kimetoboa kitanda changu cha vitunguu.
Kina ncha kama mkuki. Jana asubuhi hakikuwapo.
Leo kinanifika gotini."

Zenon akaegemeza gongo kwenye ua.
Aliomba radhi kwa huzuni kubwa, kiganja kifuani,
akaahidi kuchimba mfereji, kuweka bati, kulipa vitunguu.
Mkono wake wa pili, nyuma ya mgongo,
ulikuwa umeukamata wangu
na unaufinya, unaufinya, hadi ukauma.